Siku Wakwe Walipojipanga Mistari

Habari za mama mdogo kugombea nilizisikia Soni, sokoni, kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa nimeshuka kununua mapeasi, na muuza kabichi mmoja aliyenifahamu tangu utoto akaniita kwa sauti ya kutosha soko zima.

"Wewe mtu wa Tanga! Umekuja kumpigia debe mama yako?"

"Mama yangu yupi?"

"Huyo mke wa baba yako mdogo. Anautaka uenyekiti wa kijiji." Akawageukia wenzake. "Sasa sijui vikao atafanyia jikoni, na ajenda ni chumvi!"

Wakacheka wote. Waliocheka zaidi walikuwa wanawake, na hilo ndilo nililopanda nalo mlimani. Mwanamume akicheka nilielewa anacheka nini. Lakini yule muuza kabichi alikuwa amejitwika tenga lake tangu alfajiri, mume wake hajulikani alipo, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba biashara ni kazi ya wanaume. Alikuwa anamchekea nani?

Miaka hiyo nilikuwa karani katika ofisi moja ya mkonge Tanga, na kila likizo nilikuja kupumua hewa ya kwetu. Baadaye nikaishi Morogoro, kisha Tabora, kisha Bukoba, na sasa nimevuka arobaini bila mguu wangu kujifunza kukaa. Kila ninapohamia naikumbuka milima ile, na katika milima naikumbuka wiki ile moja kuliko nyingine zote.

Kijiji chetu kiko upande wa Magamba, chini ya msitu. Wakati wa vijiji vya ujamaa, sehemu nyingine za nchi watu walihama na vyungu vyao vichwani. Kwetu hakuna aliyehama, maana milima ilikwisha kujaa. Walichofanya ni kuviunganisha vitongoji vitatu vilivyokuwa vikitazamana ng'ambo ya mabonde, vikawa kijiji kimoja, chenye mwenyekiti mmoja na mkutano mkuu mmoja. Kwenye karatasi lilikuwa jambo dogo. Lakini sisi huoa ng'ambo ya bonde, na kwetu mkwe hasogelewi. Mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, huingia migombani mpaka apite. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai karibu naye, wala hampokezi kitu mkono kwa mkono. Na baba mkwe si yule aliyemzaa mume wako tu. Ndugu zake wote ni baba wakwe. Mabonde yalikuwa yametusaidia sana kuitunza heshima hiyo. Sasa wakwe wote wakawa wanakijiji wenzetu.

Nilipofika, baba mdogo alinieleza jinsi ilivyoanza. Agizo lilikuwa limetoka juu kwamba katika uchaguzi wa safari hii pasikosekane mwanamke miongoni mwa wagombea. Wazee watatu wakaja nyumbani jioni, wakaketi, wakazungumza juu ya mvua, kisha wakamwomba mke wake.

"Walikuja kama washenga," baba mdogo akasema. "Nilidhani wanataka kumwozesha mtu. Nikawaambia, basi nimwite mwenyewe mumuulize. Wakasema hakuna haja ya kumsumbua, ni jina tu."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Jikoni. Unafikiri ukuta ule una unene gani?"

Mama mdogo, aliyekuwa akichambua maharage palepale tukiongea, akaendelea mwenyewe. "Nikatoka. Nikawaamkia, nikawaambia nimekubali. Wakafurahi sana. Nikawauliza, na nikishinda?"

"Wakasemaje?"

"Walicheka, mwanangu. Mmoja alipaliwa na chai."

Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, aliyesoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, na nadhani ndiyo sababu walimchagua. Alijua kusoma, hakuwa na makuu, na mume wake si mtu wa ugomvi. Aliyekuwa mwenyekiti siku zote angesimama naye, angemshinda, na kwenye taarifa ingeandikwa kwamba mwanamke alikuwapo. Mama mdogo aliyajua yote hayo. Lakini alikuwa na lake. Wilaya ilikuwa imeahidi bomba moja la maji kutoka kwenye chemchemi ya msituni, na mahali pa kuliweka pangeamuliwa na mwenyekiti na kamati yake. Mwenyekiti alitaka liwe mbele ya ofisi, juu kabisa kilimani, wageni wanapofika waone maendeleo. Mama mdogo alilitaka katikati ya mteremko, njia za vitongoji vitatu zinapokutana. Kumshinda mwenyekiti ndiyo njia pekee aliyoiona. Alikwisha kuwaomba kwa upole miaka yote, wakamwambia watalifikiria.

Wiki ile nilitembea kijijini nikisikiliza, kwa kuwa sikuwa mkazi na sikuwa na kura ya kumpa mtu. Dukani walimpokea baba mdogo kwa shangwe: "Karibu, mke wa mwenyekiti! Kanga zimeingia mpya!" Naye akanunua sabuni yake, akawaambia, "Nikatieni ya bluu, inanipendeza." Nyumba moja waliniambia mama mdogo ana sauti ndogo mno. Nyumba ya pili wakasema mwanamke akishapewa cheo sauti yake humtoka hata mbwa wakakimbia. Wengine walisema bora angekuwa mjane, maana sasa atakuwa juu ya mume. Na wengine bora asingekuwa mama wa watoto, maana watalala njaa. Juu ya mwenyekiti hakuna aliyesema awe mjane au asiwe na watoto. Juu yake walibishana kama alikosea kuhusu lori la kabichi msimu uliopita, basi.

Kijitoni, tulipokuwa tunateka maji na ndoo zimepangwa kwenye mawe, nilimuuliza mkamwana mmoja wa mwenyekiti, mwanamke mwenye maneno mengi na mgongo wenye nguvu, kama hataki bomba lishuke karibu.

"Nalitaka."

"Basi utampa kura?"

"Mwanamke mwenzangu aniamuru? Bora nikaripiwe na mwanamume, nimeshazoea."

Wenzake walicheka mpaka maji yakamwagika. Alikuwa pale mkamwana mwingine wa nyumba hiyohiyo, kijana, mkimya, aliyebeba mtoto. Yeye hakucheka. Akajitwika ndoo akapanda.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika uwanja wa shule. Ukungu ulikuwa umeinuka, jua linachoma kama linavyochoma kule juu, kali lakini bila joto. Katibu kata alikuja kusimamia, kijana wa Kanda ya Ziwa aliyehamishiwa kwetu muda si mrefu, mwenye adabu na haraka. Wakwe walikaa kama walivyozoea kukaa mikutanoni, kila mtu akijua ni upande gani asigeuke.

Mwenyekiti alisimama kwanza. Mtu mzima mrefu, mwenye koti, anayependwa. "Mnanijua," akasema. "Sina la kuongeza." Wakapiga makofi.

Mama mdogo akasimama, akasema habari za bomba. Hakusema zaidi ya hapo. Alieleza njia zinapokutana, na kwamba mwenye kubeba ndoo ndiye aulizwe mahali pa bomba.

Swali la kwanza kwa mwenyekiti lilihusu barabara ya lori. Swali la kwanza kwa mama mdogo lilitoka kwa mzee mmoja, rafiki mkubwa wa mwenyekiti, mmoja wa wale watatu waliokuja kama washenga.

"Mama, ukiitwa kikaoni Lushoto, kikaendelea mpaka ukalala huko, mumeo atakula nini?"

"Atakula alichokula juzi nilipokwenda msibani Mtae. Yupo pale, mwulizeni."

Nyuso zikamgeukia baba mdogo. "Viazi," akasema.

"Nani alikupikia?"

"Viazi havitaki nani, mzee. Vinataka moto."

Hata mwenyekiti alicheka. Katibu kata akaona wakati umewadia. Miaka yote tulichagua kwa kunyoosha mikono, lakini yeye hakuupenda utaratibu huo. Alisema kijiji alichotoka juzi watu walinyoosha miwili miwili. Akamsimamisha mwenyekiti kwenye goli moja na mama mdogo kwenye goli la pili. "Ndugu wananchi, kila mmoja ajipange nyuma ya mgombea anayemtaka. Haraka haraka, tafadhali."

Watu hawakwenda haraka haraka. Walisimama. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa uwanja na niliona mkutano mzima unaanza kutembea kama watu wanaovuka mto wasioujua kina. Wakamwana wa mwenyekiti, wake za wanawe na wake za wana wa ndugu zake, walitazama goli lake, wakatazama chini. Kujipanga nyuma ya mgongo wa baba mkwe, ukimpumulia kisogoni? Mmoja akageuka, wa pili akamfuata, na muda si mrefu kundi zima lilikuwa linakwenda kwenye goli la mama mdogo, akiwamo yule mwenye maneno mengi, uso umemkunjamana kama aliyekula limau. Upande wa pili, waume wa mabinti wa mama mdogo, na waume wa mabinti wa dada zake, waliokuwa wakizungumza juu ya bomba wiki nzima, walikuwa wanarudi kinyumenyume kuelekea kwa mwenyekiti. Kwa kuwa mwenyekiti alikuwa na ukoo mkubwa kuliko yeye, mstari wa mama mdogo ulirefuka mpaka ukakunja kona ya uwanja.

Katibu kata alifurahi waziwazi. "Naona kina mama wamemchagua mama, na kina baba wamemchagua baba. Na kina mama wamezidi. Agizo limetekelezwa."

"Ndugu Katibu," yule mzee akasema, "hiyo si kura. Hao wakamwana wamemkimbia mkwe."

"Amewafanya nini?"

"Hajawafanya kitu. Ni mkwe."

"Sasa mbona wanamkimbia mtu asiyewafanya kitu?"

Mzee akamgeukia jirani yake amsaidie. Nilimwonea huruma. Jambo hilo kwetu halielezwi, linafanywa. Watu wakaanza kuelezana wote pamoja, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, wengine wakicheka, wengine wamekasirika, na katibu kata katikati akiuliza mkwe ni yupi katika hao.

Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa ameshashinda. Katibu alikwisha kutamka, na kama angenyamaza, mambo yangekwisha hapo. Baba mdogo, kutoka pembeni mwa mstari wa mkewe, alikuwa anamtikisia kichwa: nyamaza. Yeye aligeuka nyuma, akautazama ule mstari mrefu, uso kwa uso, na karibu nusu ya waliojipanga wakatazama pembeni.

"Ndugu Katibu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti, "mzee anasema kweli. Hawa hawakunifuata mimi. Na wakwe zangu wanaonitaka wako kule kwa mwenyekiti wanatazama viatu vyao. Nikikaa juu ya kiti hiki, kila nikifungua mdomo mtaniambia nilichaguliwa na aibu. Turudie. Sisi wawili tuondoke uwanjani."

Mzee akaona amepata nafasi. "Basi mwenyekiti aache fimbo yake isimame badala yake." Fimbo ikachomekwa golini, na wakamwana waliokuwa karibu wakaruka nyuma hatua kadhaa, uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata fimbo ya mkwe ni mkwe. Mwishowe wakatoa madawati mawili darasani, wakayaweka golini yakiwa matupu, la mwenyekiti upande wa shule, la mama mdogo upande wa msitu, na wagombea wakaingizwa darasani, mlango ukafungwa.

Walichozungumza humo alinisimulia mama mdogo mwenyewe. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti juu. Mwenyekiti akamuuliza, "Hivi shemeji, ni kweli unakitaka kiti hiki?"

"Ulidhani nimekuja kukusindikiza?"

"Ndivyo nilivyoambiwa," akasema, bila ubaya wowote.

Nje, mistari ilivunjika na kujipanga upya. Safari hii watu walitembea kama watu wanaojua waendako. Waume wa mabinti wakalifuata dawati la upande wa msitu, wamenyanyua vichwa. Yule mkamwana wa maneno mengi akatoka moja kwa moja kwenda kwenye dawati la baba mkwe wake, akasimama mbele kabisa, mikono kiunoni. "Sasa nimempa kura kwa miguu yangu," akamwambia kila aliyetaka kusikia. Wengi wa wenzake wakamfuata. Yule kijana mwenye mtoto hakuondoka alipokuwa. Alikuwa amesimama mstari wa mama mdogo mara ya kwanza, na mara ya pili alibaki palepale huku walio mbele na nyuma yake wakiondoka, mpaka kati yake na dawati pakawa wazi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamweka mtoto vizuri mgongoni, kisha akasogea mbele kuujaza ule uwazi.

Katibu kata akahesabu, akarudia. Mama mdogo alikuwa amezidi, lakini kwa watu wachache sana.

Tangu siku ile nimekuwa nikizisikiliza sababu. Katibu kata alisema ni matunda ya agizo. Mzee alisema wamemhurumia kwa kuwa alisema kweli. Dukani walisema wanaume walikuwa wamechoka na jua. Muuza kabichi wa Soni, nilipokuwa narudi Tanga, alisema, "Amepewa, bahati yake." Nilikaa muda mrefu nikimsubiri hata mtu mmoja aseme kwamba walimtaka. Baadaye, Tabora na hata Bukoba, kila mwanamke alipopata nafasi niliwasikia watu wakiuliza amepewa na nani, na kila mwanamume alipopata nafasi hiyohiyo walisema ameshinda. Nimewauliza wengi kwa nini, wanawake kwa wanaume, na wengi wao walitulia kwanza, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hulala upande wa kulia.

Lakini jioni ile, tulipokuwa tunakunywa chai jikoni, baba mdogo alikuwa bado hajapoa. "Ulishashinda, mama wee! Kwa nini umrudishie mtu kisu?"

Mama mdogo aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nje na yeye alikuwa ndani. Alitaka nimwambie ni nani walibaki na nani waliondoka. Nikamtajia niliowakumbuka. Alisikiliza wote. Nilipofika kwa yule mkamwana wa maneno mengi alitikisa kichwa tu. Nilipofika kwa mwenye mtoto aliniambia nirudie.

Kisha akacheka kidogo. "Ningejua wangepungua kiasi hicho," akasema, "nisingefungua mdomo. Nilidhani watabaki wote."

Baba mdogo akamtazama, akaweka kikombe chini, naye akaanza kucheka.

Hapo tukasikia mtu anakohoa nje. Nikatoka. Mume wa binti yao mkubwa alikuwa amesimama mbali, ng'ambo ya ua, kwenye mibuni, ametupa mgongo. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mama mkwe wake alikuwa ndani, kwa hiyo alizungumza na mbuni.

"Dada, hujambo? Mwambie Mwenyekiti ng'ombe wa jirani ameingia tena kwenye maharage yangu. Nataka ushauri wa kijiji."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo. Sauti ya mama mdogo ikatoka ndani, ikinielekea mimi na si mkwe wake.

"Mwambie aje ofisini kesho asubuhi, na jirani naye aitwe."

Mkwe alifikiri. Alichuma jani moja la mbuni akalikunjakunja. "Mwambie nitakuja. Lakini ofisi yenyewe ni chumba kimoja, dada. Nitakaa wapi?"

Mlangoni nilimwona baba mdogo akimgeukia mkewe.

"Mwambie," mama mdogo akasema, "ofisi ina dirisha."